Mtungi wa Nini Kwenye Upepo? Vidokezo 11 vya kuchagua mashine ya kuchomelea ya nyumbani

Lugoba, kandokando ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, chuma hakina likizo. Malori ya kokoto yanapita usiku na mchana, mitambo ya kusaga mawe inaunguruma, na kila chenye tairi, bawaba au mpini kinachoka kabla ya siku zake. Leo toroli limeachia mguu. Kesho geti limelegea bawaba. Keshokutwa keria ya pikipiki, iliyozoea magunia mawili ya mkaa, imekataa la tatu. Mwenye nyumba anapiga hesabu ya hela alizompa fundi kwa mishono ya sentimita tano tano, kisha anasema: basi, nanunua mashine yangu.

Wazo si baya. Mtihani unaanza dukani, muuzaji anapouliza, "Bosi, unataka ya gesi au isiyo ya gesi?" Wengi hujibu "ya gesi", kwa kuwa inasikika kubwa zaidi. Miezi mitatu baadaye mtungi ni mtupu, umefunikwa turubai nyuma ya banda la kuku, na toroli limerudi kwa fundi yule yule. Kabla nawe hujajibu, pitia vidokezo hivi.

1. Uliza kwanza: gesi ipi?

Kwetu neno hili linabeba mizigo mitatu. Ipo gesi ya kupikia. Ipo gesi ya fundi wa bodi za magari, yaani oksijeni na asetilini, mitungi miwili na mwali mkali unaoyeyusha chuma. Halafu ipo hii ya mashine ya kuchomelea kwa waya, ambayo haiwaki kabisa. Moto wa mashine ya waya unatoka kwenye umeme. Gesi imewekwa pale kama mlinzi wa mlangoni, kuizuia hewa isiingie.

Kwa nini izuiwe? Chuma kilichoyeyuka kikikutana na oksijeni na naitrojeni ya hewani, huganda kikiwa na vitundu ndani kama mkate wa kumimina. Mkate wenye vitundu ni sifa ya mpishi. Mshono wenye vitundu hukatika. Kwa hiyo mtungi hutoa kaboni dioksidi, au agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi, na kuufunika mshono mpaka ugande.

Ile "isiyo ya gesi" nayo ina gesi, ila haibebi mtungi. Waya wake ni bomba jembamba sana lililojazwa unga. Unga ukiungua hutoa moshi unaofukuza hewa, na juu ya mshono huacha ganda ambalo utaligonga na kulisugua baadaye. Swali la muuzaji, kwa lugha nyepesi, ni hili: kinga ya mshono wako itoke kwenye mtungi au itoke ndani ya waya?

Na tusisahau: mtungi wa gesi ya kupikia haufungwi kwenye mashine ya kuchomelea hata kwa majaribio. Ule huwaka na kulipuka.

2. Andika kazi tano, ndipo utaje mashine

Chukua karatasi. Andika vitu vitano vya chuma vilivyoharibika au vinavyohitajika hapo nyumbani, na pembeni ya kila kimoja andika unene wa chuma chake. Orodha ya kawaida ya huku kwetu itafanana na hii: grili za madirisha kwa flatibaa ya milimita 3, geti la bomba za mraba za geji 16, yaani kama milimita moja na nusu, mguu wa toroli, fremu ya banda la kuku, meza ya kufulia.

Sasa isome karatasi yako. Vyuma vya milimita 2 na kuendelea havina maringo: waya wa unga utavishika vizuri. Geji 16 nayo inawezekana, ila mkono uwe mwepesi. Ukishuka hadi geji 18 na 20, yaani milimita 1.2 kwenda chini, mwanafunzi mwenye waya wa unga atatoboa zaidi ya atakavyounga. Hapo ndipo mtungi unapoonyesha thamani yake, maana waya mtupu wenye kinga ya gesi huweza kufanya kazi kwa moto mdogo na kuacha mshono msafi usio na ganda. Anayetengeneza bodi za magari au makabati ya bati jembamba ana sababu ya kuwa na mtungi. Anayeziba geti hana.

Mabati ya paa yaache. Geji 28 na 30 ni nyembamba mno, dawa yake ni msumari na gundi ya kuzibia.

3. Kabla ya kutazama mashine, tazama mwembe

Hiki ndicho kidokezo chenye uzito kuliko vyote, na muuzaji wa mjini hatakuambia kwa sababu yeye anauza akiwa ndani ya kuta nne. Wewe utachomelea wapi? Uani, chini ya mwembe au mwarobaini, kwa sababu ndani hakuna nafasi na mama watoto hataki cheche karibu na makochi.

Uani kuna upepo. Gesi ya mtungi hutoka taratibu mdomoni mwa tochi ya kuchomelea, na inatosha upepo wa takriban kilomita 8 kwa saa kuipeperusha. Huo si upepo wa kung'oa mabati. Ni ule unaotikisa majani tu na kukufanya useme, "Leo kuna kahewa kazuri." Kahewa hako hako ndiko kanakokuletea mkate wa kumimina ndani ya mshono. Wakati wa kusi, na hata wa kaskazi, siku tulivu kabisa ukanda huu ni za kuhesabu.

Waya wa unga unavumilia zaidi, kwa kuwa kinga yake inazaliwa pale pale moto ulipo na ganda linaufunika mshono. Tena moshi wake ni mwingi, kwa hiyo wenyewe unapenda nje.

Mtungi ni kinyume chake: unataka kuta za kuzuia upepo. Lakini usijifungie chumbani. Kaboni dioksidi na agoni ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kuisukuma hewa unayoivuta. Banda lenye kuta tatu na paa lililoinuka linafaa. Huna banda la namna hiyo? Umeshapata nusu ya jibu.

4. Piga hesabu ya safari za mtungi

Kaboni dioksidi ya kuchomelea ina hadithi nzuri hapa nchini. Kampuni ya TOL Gases, iliyoanzishwa mwaka 1950 na iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huivuna kutoka ardhini Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye nchi ya volkano. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotia povu kwenye soda. Ila hadithi nzuri haipunguzi nauli.

Twende kwenye namba. Kilo moja ya kaboni dioksidi hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Mtungi wa kilo 10 basi ni zaidi ya lita 5,000. Ukifungulia lita 12 kwa dakika, utapata kama saa saba za moto wenyewe. Kwa mtu wa nyumbani, saa saba za moto ni nyingi, zinaweza kumtosha miezi. Hesabu inaharibika pengine: regileta inayovuja kidogo kidogo, vali uliyosahau kuifunga Jumapili jioni, na siku mtungi unapoisha katikati ya geti ambalo bado halifungiki, ng'ombe wa jirani wakilitazama.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza mambo matatu. Mtungi ni wako au wa kukodi? Unajazwa wapi, Dar es Salaam au karibu zaidi? Na utasafirije? Mtungi wa gesi iliyoshindiliwa hausafirishwi kwa kulazwa mapajani mwa abiria wa bodaboda. Husimamishwa, hufungwa, huvishwa kofia yake ya vali, na haukai kwenye buti la gari lililofungwa madirisha. Jumlisha bei ya mashine, mtungi, regileta, mpira na nauli ya kwenda na kurudi. Ikikutisha, usione aibu.

Waya wa unga nao si sadaka. Kwa kilo ni ghali kuliko waya mtupu, na rola la kilo moja humalizika kwa takriban saa moja au zaidi kidogo ya moto mfululizo. Tofauti ni kwamba linaingia kwenye mkoba na kurudi nawe na basi la jioni.

5. Usiwadharau wazee: vijiti

Ukweli ambao makala nyingi huuruka ni kwamba shindano la ya gesi na isiyo ya gesi lina mshindani wa tatu, naye yupo tayari kila kijiji. Mashine ya vijiti, ile fundi wa barabarani anayoning'iniza begani, haihitaji mtungi wala rola. Vijiti vya geji 12, yaani milimita 2.5, na vya geji 10, milimita 3.2, ni bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Vinavumilia upepo, vinavumilia kutu kidogo, na vinashika chuma kinene vizuri.

Ubaya wake ni darasa. Kuwasha kijiti bila kukigandisha kwenye chuma kunataka mazoezi, na kwenye geji 18 kijiti ni mkorofi. Waya ni rahisi zaidi kujifunza: unabonyeza, unatoka, unafuata mstari.

Ndiyo maana kwa mtu wa Lugoba anayenunua mashine moja tu, ushauri wangu ni kutafuta mashine ya inveta yenye njia tatu: vijiti, waya wa unga, na nafasi ya kufunga mpira wa gesi siku utakapojenga banda. Kwenye uso wa mashine, MMA ni vijiti na MIG ni waya. Uone kwa macho kama nyuma kuna tundu la kuingizia gesi. Kuna mashine ndogo zisizo nalo kabisa, na hilo halibadiliki baadaye.

6. Soma umeme wako kabla ya kusoma boksi

Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na njia yake kuu ya kilovolti 400 inakuja mpaka Chalinze, jirani yetu kabisa. Fahari hiyo haina maana kwamba soketi yako ina nguvu zote hizo. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, inaweza kuandikiwa volti 230 na kupata pungufu sana saa za jioni, kila mtu anapowasha taa na televisheni.

Azima mita ya fundi umeme. Pima saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Ukiona volti zinashuka sana, tafuta mashine iliyoandikwa kwamba inakubali umeme mdogo, na panga kazi zako asubuhi.

Kisha tazama waya. Ukichomelea kwa ampea 100, mashine inaweza kuvuta ampea 15 au zaidi ukutani, wakati plagi zetu za miguu mitatu zimetengenezwa kwa ampea 13. Kwa mshono mfupi utapona. Kwa geti zima, plagi itanuka. Mwite fundi umeme akufungie soketi ya peke yake yenye breka yake, moja kwa moja kutoka meni swichi. Na ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu usiiguse. Tumia waya mnene, na uufungue wote kutoka kwenye rola lake, maana ukikaa umejikunja unapata joto.

LUKU je? Si ya kutisha. Ampea 100 ni kama kilowati mbili na nusu ukutani. Lakini katika saa moja ya kazi, muda mwingi unapima, unakata, unasugua na kutafuta nyundo. Moto wenyewe ukiwa dakika 15, umekula chini ya uniti moja. Anayelipa bei nafuu ya matumizi madogo ndiye aangalie jumla ya mwezi isimtoe kwenye kundi lake.

7. Namba kubwa kwenye boksi ni ya kupiga picha

"Ampea 300!" boksi linapiga kelele. Mashine yenyewe unainyanyua kwa vidole viwili. Hapo tabasamu, halafu ugeuze mashine utafute kibati cha takwimu. Tafuta asilimia. Ukiona ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake ndani ya dakika 10 inachoma dakika 6 na kupumzika 4, na kipimo hicho cha kawaida hufanyika kwenye joto la nyuzi 40. Ikiandikwa asilimia 20, ni dakika 2 za kazi na 8 za kupumua.

Kwa kazi za nyumbani, ampea 120 hadi 160 za kweli zinatosha kabisa. Chuma cha milimita 3 kinaungwa kwa ampea kama 100. Ukiona mashine haina kibati cha asilimia, au muuzaji anakuambia "hii haichoki", mpongeze kwa maneno matamu na uende duka linalofuata.

Uliza pia kuhusu vipuri: ncha za shaba za tochi, tochi yenyewe, klempu ya ethi. Gerezani, Kariakoo, utapata vingi, lakini si kila tochi huingia kila mashine. Nunua ncha tano za ziada siku hiyo hiyo, za kipimo cha waya wako.

8. Chanya na hasi: kosa linalowaumbua wengi

Kama utakumbuka jambo moja la kiufundi, liwe hili. Waya mtupu wenye gesi unataka tochi iwe chanya na klempu ya ethi iwe hasi. Waya wa unga usio na gesi unataka kinyume: tochi hasi, ethi chanya.

Ukikosea, mashine haitakuambia kitu. Itawaka tu, itatapika cheche kila upande, mshono utakaa juu ya chuma kama uji uliomwagika, na wewe utasema waya ni feki. Wengi wameuza mashine nzima kwa hasara kwa kosa la kubadilisha plagi mbili.

Kwa hiyo dukani uliza: "Hii inabadilishwa chanya na hasi?" Mashine nzuri ina kiunganishi cha nje au skrubu mbili ndani ya mlango wa rola. Zipo mashine ndogo zilizofungwa kwa waya wa unga pekee. Hizo si mbaya, ila ujue umefunga ndoa bila talaka.

Tazama pia kigurudumu kinachosukuma waya. Waya mtupu hupita kwenye mfereji laini wa umbo la V. Waya wa unga ni laini kwa sababu ndani una unga, kwa hiyo hutaka kigurudumu chenye vijimeno, na usiukaze sana usije ukaubonda.

9. Waya nao una siri zake

Rola la waya lina maandishi. ER70S-6 ni waya mtupu, wa kutumia na gesi. E71T-GS na E71T-11 ni waya wa unga wa kujitegemea. GS umekusudiwa mshono wa tabaka moja kwenye chuma chembamba. Ukitaka kurudia tabaka juu ya tabaka kwenye chuma kinene, tafuta 11. Chukua milimita 0.8 au 0.9, na anza na rola la kilo moja. Usinunue la kilo 15 kwa kuwa tu muuzaji amekupunguzia.

Sababu ni unyevu. Bagamoyo, kilomita 64 kutoka Msata hapa jirani kwa barabara ya lami, hewa ya chumvi inakula misumari huku unaitazama. Lugoba tuko ndani kidogo, lakini masika ni masika. Unga ulionyonya maji huleta vitundu, na waya wenye kutu hukwama ndani ya tochi. Ukimaliza kazi, toa rola, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liweke ndani ya ndoo yenye mfuniko. Vijiti navyo hivyo hivyo.

10. Linda macho, mapafu, na makuti ya jirani

Miwani ya jua si ngao. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho bila maumivu, kisha usiku wa manane unaamka kama umetiwa mchanga. Nunua kofia yenye kioo cha namba 10 hadi 13, na wafukuze watoto. Wao ndio hupenda kukodoa macho, nao hawana kofia.

Bomba na bati zilizopakwa zinki, zile nyeupe zinazong'aa, hutoa moshi mweupe wenye sumu. Saa chache baadaye unapata baridi, homa na ladha ya chuma mdomoni, na unaweza kudhani ni malaria. Wapo wanaosema unywe maziwa. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, hawakutani. Sugua zinki kwa grainda sentimita kadhaa kila upande ukiwa umevaa barakoa, simama upande upepo unakotokea, na fanya kazi nje. Hapo tena waya wa unga na uani wanaelewana.

Kuanzia Juni hadi Oktoba majani huku ni makavu kama karatasi. Cheche inaruka mita kadhaa. Fagia, mwagia maji, weka ndoo ya mchanga, na usichomelee chini ya paa la makuti. Baki hapo nusu saa baada ya kumaliza, maana moto wa majani huanza kwa kunong'ona.

Tangi la petroli la pikipiki usilichomelee, hata kama limekauka na limefunguliwa mfuniko. Mvuke uliobaki unatosha kulilipua. Ukichomelea fremu, tangi litolewe na kuwekwa mbali, na betri ikatwe kwanza.

11. Jaribu, vunja, kisha jua mpaka wako

Usilipe bila kuona mashine ikiunga mbele yako. Nenda na vipande viwili vya flatibaa ya milimita 3 mfukoni. Viungwe kwa upande mmoja kama herufi T, vibane kwenye jiliwa, upige nyundo mpaka vilale. Mshono mzuri hukunja chuma kabla ya wenyewe kuachia. Ukibanduka ukiwa mzima kama gundi ya bahasha, ujue moto haukuingia. Ukivunjika na kuonyesha vitundu, kinga ilikosekana.

Jaribio hilo hilo lifanye nyumbani kila Jumamosi kwa mwezi mmoja kabla ya kugusa geti. Ukitaka kujifunza vizuri zaidi, VETA ina kozi za uchomeleaji, na chuo cha mkoa wetu wa Pwani kiko Kibaha. Au mwombe fundi wa barabarani, kwa adabu na soda baridi, akuelekeze jioni moja. "Shikamoo fundi, naomba unitazame mkono" ni maneno yanayofungua milango mingi kuliko boksi la maelekezo.

Halafu jiwekee mpaka. Toroli, grili, kiti, banda la kuku: zako. Stendi ya tangi la maji la lita 1,000 inabeba tani nzima, na chini yake watoto hucheza. Tela la kukokotwa barabarani, ngazi ya ghorofani, fremu ya pikipiki ya biashara: hizo mwachie fundi mzoefu, hata kama mashine yako ni mpya na yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kwa kifupi, kwa asiye na muda

Unafanya kazi uani, chuma chako ni cha milimita 2 na kuendelea, na kituo cha kujazia mtungi kiko mbali? Chukua isiyo na mtungi, au vijiti. Una banda lenye kuta, unaunga bati jembamba kila wiki, na usafiri wa mtungi si tatizo? Chukua ya mtungi, na utafurahia mishono misafi. Hujui bado? Chukua ile ya njia tatu, anza na rola la kilo moja la waya wa unga, na uache tundu la gesi lisubiri.

Na asubuhi ya kwenda dukani, kabla hujapanda basi, simama mlangoni utazame juu. Majani ya mwembe yakicheza, mwambie muuzaji mtungi abaki nao.